Mhariri, prosesa si askari wa gwaride

Mhariri, salaam toka Tanga. Mimi fundi simu na kompyuta, kibanda changu kipo Ngamiani kwenye hizi barabara zetu za namba, na gazeti lenu nalisoma karibu kila siku mchana jua likiwa kali na wateja hawapiti, naanza na michezo nione Coastal wameandikwa vipi alafu ndo nageukia kurasa zingine. Barua kwa mhariri sijawahi kuandika maisha yangu. Ila safu yenu ya teknolojia ya wiki juzi imenikaa kooni kama mwiba wa changu, nimejaribu kuusukuma na tonge la ugali umegoma, kwa hiyo acheni niuteme hapa.

Mwandishi wenu alikuwa anawaelezea vijana wanaosoma kompyuta jinsi kerneli, yaani ule moyo wa mfumo endeshi unaotawala mashine yote, inavyolinda vitu vyake prosesa zikiwa nyingi, akawaingiza kwenye spinloki, na mwanzo wake mzuri tu sina ubishi. Akasema spinloki ni kufuli ambalo ukilikuta limefungwa huendi kulala, unabaki hapo hapo mlangoni unauliza bado, bado, bado, mpaka mwenzio atoke. Kweli. Akasema inatumika pale ambapo kerneli haina ruhusa ya kulala, mfano ikiwa katikati ya kushughulikia intarapti, yaani kifaa kimeikatiza kazi kinataka ihudumiwe hapo hapo, na pale ambapo kazi ya ndani ni fupi kiasi kwamba kwenda kulala na kuamshwa ni gharama kuliko kusubiri. Kweli tena. Alafu akaandika kwamba prosesa ni mtiifu kama askari wa gwaride, anafanya amri moja baada ya nyingine vile vile zilivyoandikwa, na kwa hiyo kufuli ni namba moja tu kwenye memori, 0 wazi 1 limefungwa, ukimaliza kazi yako andika 0 uondoke zako.

Hapo ndo nikaweka kikombe cha kahawa chini.

Manake Mhariri, hilo kosa nimeliona kwa macho yangu, na limemtesa mtoto wa dada yangu siku nne mfululizo. Huyu kijana anasoma chuo, jina la chuo naliacha, likizo anakuja kukaa na mimi kibandani ananisaidia kubadilisha vioo. Walipewa kazi ya kutengeneza spinloki yao wenyewe kwa lugha ya C, nyuzi mbili za programu, yaani kazi mbili zinazokwenda kwa wakati mmoja, kihesabio kimoja, kila uzi unashika kufuli, unaongeza 1, unaachia kufuli, mara milioni 1. Mwisho wa yote kihesabio kisome 2,000,000, hakuna hesabu rahisi kuliko hiyo. Kushika kufuli alitumia amri ya prosesa isiyogawanyika, ile ya kusoma na kuandika kwa mkupuo mmoja ili wawili wasilishike pamoja, hapo alikuwa sawa. Kuachia akafanya kama alivyofundishwa na kama mwandishi wenu alivyoandika, anaandika 0 basi.

Kwenye laptop yangu, ya Intel ya zamani hii, 2,000,000. Akarudia usiku kucha 2,000,000. Akafurahi. Sasa mi kwa utundu wangu nikamwambia hebu ijaribu kwenye ile bodi ndogo ya ARM, ukoo mwingine wa prosesa si wa Intel, yenye kori 4, yaani prosesa 4 ndani ya chipu moja, niliyoinunua kwa ajili ya kamera za duka, akaihamisha, akaendesha, ikapungua. Akarudia, ikapungua tena ila kwa kiasi kingine. Mara ya tatu ikaja sawa. Ya nne ikapungua.

"Mjomba, hii bodi mbovu," akanambia.

Akampigia mwalimu wake, mwalimu naye akasema hizo bodi za bei rahisi ndo zilivyo, tumia laptop ukusanye kazi yako upate maksi. Na maksi kazipata kamili, hilo ndo linaniuma, kwa programu ambayo haifanyi kazi!

Tukakaa naye tukatoa amri zenyewe zilizotoka kwenye kompaila, ile programu inayogeuza C kuwa amri za prosesa, tuone isije ikawa kompaila ndo imechanganya. Zimepangika kama vidole: soma kihesabio, ongeza, andika kihesabio, andika 0 kwenye kufuli. Mstari kwa mstari kama gwaride la mwandishi wenu. Na bado hesabu inapungua. Kwa hiyo aliyeupindua mfuatano si kijana wala si kompaila, ni prosesa yenyewe, tena haijavunja sheria yoyote, kitabu cha ARM kinairuhusu.

Ilivyokuwa ni hivi. Kori ya kwanza imesoma kihesabio 500, imeandika 501, imeandika 0 kwenye kufuli. Hayo maandishi mawili yanakwenda sehemu mbili tofauti za memori, na ARM inasema kama hujaniambia lolote mimi naweza kuyafikisha kwa wenzako kwa mfuatano wowote unaonifaa, labda ile sehemu ya kufuli iko karibu kwenye kashe, ile memori ndogo ya kori yenyewe, na ile ya kihesabio bado inafuatwa kwa kori nyingine. Kori ya pili inaona 0, inashangilia, inashika kufuli, inasoma kihesabio na kinasema 500 bado. Inaongeza inaandika 501. Wameongeza wawili, imehesabika moja. Kufuli lilifanya kazi yake wallahi, hawakuingia wawili kwa pamoja hata sekunde, ila aliyetoka alitoka kabla mzigo wake haujafika.

Kijana alipobadilisha amri mbili tu, badala ya kuandika 0 kwa amri ya kawaida akaandika kwa ile ya ARM inayoitwa stlr, yaani andika kwa kuachia, na upande wa kushika akaweka ya kusoma kwa kushika, bodi "mbovu" ikatoa 2,000,000 mpaka ikatuchosha. Hizo amri zimo kwenye ARM toka toleo la 8 lililotangazwa 2011, kabla ya hapo ilikuwa unaweka kizuizi kizima kinaitwa dmb. Kizuizi cha memori ndo hicho, wala si kitu cha kutisha, ni kuiambia prosesa hapa pana mstari, vya kabla ya mstari vionekane na wenzangu kwanza ndo vya baada vifuate.

Sasa mtu ataniuliza mbona laptop haikukosea. Hapa naomba nafasi kidogo Mhariri msinikate, maana hapa ndo vijana wanapotelea.

Prosesa za Intel na za mshindani wake AMD zina adabu zaidi, ila adabu si utii. Mimi na kaka yangu zamani tulikuwa na baiskeli moja, Tanga baiskeli ndo miguu mnajua, tukakubaliana anayetaka kuitumia anatuma meseji "naichukua", alafu anaangalia simu yake kama mwenzie katuma, kama hajatuma anakwenda kuichukua. Mpango mzuri. Siku moja tumekutana wote wawili kwenye baiskeli kila mmoja kashika usukani upande wake, kila mmoja anaapa katuma meseji na anaapa hajapokea. Na wote wakweli! Meseji zote mbili zilikuwa bado ziko njiani, zinazunguka kale kaduara, wakati tunaangalia inboksi. Prosesa ya Intel kila kori ina mfuko wake wa kuandikia, ikiandika kitu kinakaa mfukoni kwanza kinasubiri kwenda kwenye memori, na wakati kinasubiri kori inaendelea kusoma vitu vingine. Kwa hiyo x na y zikianza zote 0, kori A inaandika x kuwa 1 kisha inasoma y, kori B inaandika y kuwa 1 kisha inasoma x, na wote wawili wanaweza kusoma 0. Ukikaa na kalamu na karatasi ukazichanganya amri nne hizo kwa kila namna uwezayo, bila kuvuruga zamu ya kila kori, huwezi kupata jibu hilo, lakini laptop ya Intel inakupa. Dawa yake ni kusubiri meseji ifike ndo uangalie inboksi, na kwa Intel amri ya kusubiri hivyo inaitwa mfence, au amri yoyote ya kufunga yenye alama ya lock nayo inaukung'uta ule mfuko wote.

Ila huo ndo ujanja pekee wa Intel wa kawaida, kusoma kukapita kuandika kulikoandikwa kabla yake. Kuandika viwili kunafika kwa mfuatano, kusoma viwili kunakwenda kwa mfuatano, na kusoma hakuchelewi mpaka kukapitwa na kuandika kunakofuata. Ndo maana kufungua kufuli kwa kuandika 0 tu kwenye laptop kunakubali. Kijana hakupata sawa kwa kuwa programu iko sawa, kapata sawa kwa kuwa kapangiwa kwenye nyumba yenye mwenye nyumba mpole.

Na msidhani hili ni la watoto wa chuo peke yao. Mwaka 1999 mwezi Novemba, watengenezaji wa mfumo endeshi wa Linux walibishana wiki nzima na zaidi juu ya amri hiyo hiyo moja. Kerneli ilikuwa inaachia spinloki kwa amri nzito yenye lock, inakula mizunguko kama 22 ya saa ya prosesa, mtengenezaji mmoja Manfred Spraul akasema mbona tunaweza kuandika 0 kwa amri ya kawaida ikala mzunguko 1? Mwenzake Ingo Molnar akapima akaona kwenye jaribio moja kasi inapanda asilimia 4, na asilimia 4 kwenye kerneli watu wanauana. Linus Torvalds mwenyewe, baba wa Linux, akakataa kabisa, akasema haifanyi kazi, waacheni watu wa FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, waitumie wao, ipo siku itawaangukia. Hofu yake ilikuwa kitu kilichosomwa ndani ya kufuli kiteleze kitoke nje baada ya kufuli kuachiwa. Hofu halali kabisa, kwa ARM ingekuwa kweli tupu. Akaja mhandisi wa Intel akaeleza kwamba kwenye prosesa zao kusoma hakuwezi kupitwa hivyo, na Torvalds akakubali kwamba alikosea, wakabadilisha.

Angalieni hapo Mhariri. Mtu aliyeiandika kerneli yenyewe, na waliokaa naye ni watu wazito, hawakuweza kujua kwa kusoma vitabu vya Intel amri moja inafanya nini, ikabidi aje mtu wa ndani awaambie. Intel ilikuja kuandika waraka maalumu wa kueleza mfuatano wa memori mwaka 2007, miaka 8 baadaye, na hata ule haukuwa umekaa sawa mpaka watafiti wa Cambridge akina Peter Sewell wakaandika modeli inayosomeka, wakaiita x86-TSO, ndo ile ya mfuko niliyoieleza kwa meseji na baiskeli. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport yeye toka 1979 alishaandika ni nini hasa tunachokitegemea tunaposema prosesa nyingi zinafanya kazi "kwa mfuatano", na akaonya kwamba mashine haikupi hivyo bure. Leo mwandishi wenu anasema askari wa gwaride, khaa!

Nikubali kwamba neno la kushika na kuachia ni gumu kumuingia mtu, kijana wangu lilimpiga chenga pia mpaka nikamchukulia dema. Wa bara labda hamjaliona, dema ni mtego wa wavuvi wetu, unasukwa kwa fito, una mdomo uliobinuka kwa ndani, samaki akiingia anaingia kiulaini akitaka kutoka hapaoni. Spinloki iliyotengenezwa sawa ni dema. Kule kushika kuna kizuizi kinachosema kilicho ndani kisitoke kwa mlango wa mbele, yaani usisome kihesabio kabla hujalishika kufuli, maana prosesa za siku hizi zinatangulia kusoma kwa kubahatisha. Kule kuachia kuna kizuizi kinachosema kilicho ndani kisitoke kwa mlango wa nyuma, hicho ndo kilichomkosa kijana. Lakini kitu kilichokuwa nje kabla ya kushika kinaruhusiwa kuteleza kikaingia ndani, na kilichokuwa nje baada ya kuachia kinaruhusiwa kurudi kikaingia ndani, hakuna anayeumia. Samaki anaingia, hatoki. Kwa sababu hiyo spinloki si ukuta kamili, na ukiitegemea kama ukuta kamili kwa vitu vilivyo nje ya kufuli umeumia, Linux ina kizuizi cha ziada kwa ajili ya wale wanaohitaji ukuta mzima baada ya kushika.

Ipo mijitu mingine hata ARM inaonekana malaika. Prosesa za Alpha za kampuni ya DEC za miaka ya 90, hizo unaweza kusoma anwani mpya alafu ukaifuata hiyo anwani ukakuta vitu vya zamani, yaani unapelekwa nyumba sahihi unakuta wapangaji waliohama. Linux ilibeba kizuizi maalumu kwa ajili ya Alpha peke yake miaka kibao. POWER za IBM nazo zina amri inaitwa eieio, sitanii, kama mtoto anabembelezwa. Hizo hamtakutana nazo Ngamiani.

ARM mtakutana nayo, tena iko mfukoni mwenu sasa hivi. Hilo ndo lililonifanya niandike. Simu zote ninazofungua hapa kibandani, za Android, ndani yake ni kerneli ya Linux juu ya chipu ya ARM, nyingi kori 8, na hizo spinloki zinashikwa na kuachiwa bila wewe kujua unapofungua tu meseji. Kuna hata jambo zuri hapo, kori ya ARM inayosubiri spinloki haihangaiki kama ya zamani, inapewa amri ya wfe inasinzia kidogo kulinda chaji mpaka mwenye kufuli aachie ndo inashtuliwa. Sasa huyu kijana akimaliza chuo ataandika draiva, zile programu za kuendesha vifaa, au programu za simu, si za laptop yangu, na maksi zake kamili anaziweka wapi? Apple walipohamia kwenye chipu yao ya M1 mwaka 2020, ambayo ni ya ukoo wa ARM, waliweka ndani ya chipu yenyewe swichi ya kuifanya ifuate mfuatano wa Intel, ili programu za zamani zilizotafsiriwa zisianguke. Kampuni kubwa hivyo imeona bora kuchonga swichi kwenye silikoni kuliko kuamini kwamba watu waliandika programu zao sawasawa. Sisi tunawaambia vijana askari wa gwaride.

Lingine dogo, mwandishi aliwashauri wabandike neno volatile kwenye namba ya kufuli "ili prosesa isichanganye". Hapana jamani. Kwa C neno hilo linaiambia kompaila isifute na isikumbuke namba kwa kichwa, isome kila mara, na hilo lina faida yake maana bila hivyo kompaila inaweza kusoma kufuli mara moja tu ikazunguka milele juu ya jibu la zamani. Prosesa haina habari na neno hilo kabisa, halitoi kizuizi chochote. Nadhani kachanganya na Java, ambako toka Java 5 mwaka 2004 neno hilo hilo linabeba na mfuatano ndani yake, na vijana wengi wa Android wanatokea Java kwa hiyo wanaliamini. Neno moja, lugha mbili, maana mbili, kama Mswahili wa Tanga na wa Unguja wanavyoweza kukubaliana kwa jambo ambalo kila mmoja kaelewa lake.

Na kule kusema kufuli ni 0 na 1 tu, hata bila habari ya vizuizi, imeshapitwa na wakati. Lilikuwa hivyo, likawa na uonevu, kwenye mashine za kori nyingi kori iliyoachia kufuli ndo inalidaka tena kabla wenzake hawajajua limeachiwa, maana tayari liko kwenye kashe yake, wengine wananjaa mlangoni. Mwaka 2008 Nick Piggin akaingiza kufuli la namba kwenye Linux 2.6.25, unachukua tiketi yako unasubiri iitwe kama dirisha la benki, na 2015 kwenye toleo la 4.2 likaja la foleni ambapo kila anayesubiri anaangalia sehemu yake mwenyewe ya memori badala ya wote kukodolea macho sehemu moja. Hayo yote yamebadilika ila sharti la kuachia halijabadilika: lolote utakaloandika ili kumwambia mwenzio ingia, liwe la mwisho kuonekana.

Sasa ombi langu. Siwaombi mumfukuze mtu, namheshimu kwa kujaribu kuandika mambo haya kwa Kiswahili, wangapi wanathubutu, mimi mwenyewe barua hii imenitoa jasho kutafuta maneno na bado nimeandika "kori" na "kashe" kwa aibu. Naomba muandike sahihisho, mistari miwili mitatu, ukurasa ule ule, si kona ya chini kwenye matangazo ya misiba. Muandike kwamba prosesa ina ruhusa ya kubadili mfuatano wa kusoma na kuandika kama inavyoonekana na prosesa nyingine, na kwamba kuachia spinloki si kuandika 0 bali ni kuandika 0 kwa amri ya kuachia, na kwamba jaribio lililofaulu kwenye Intel halijathibitisha kitu kwa ARM. Torvalds alikubali kosa lake mbele ya watu wote mwaka 1999 na Linux haikufa, kwa hiyo na safu yenu itapona.

Na mwandishi mwenyewe akipita Tanga, asifanye waja leo waondoka leo, aje Ngamiani aulize fundi mwenye bodi, watamleta. Programu ya kijana ya mwanzo, ile iliyopata maksi zote, sijaifuta, ipo kwenye bodi mpaka leo, aje aiendeshe kwa mkono wake mwenyewe mara kumi ahesabu ni mara ngapi inafika milioni mbili. Chai na boflo juu yangu.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi simu, Ngamiani, Tanga